Ufupisho na Misimu katika Arafa za Kiingereza: Funzo kwa Mwanafunzi wa Kiswahili

Utangulizi

Tuanze kwa arafa mbili za aina ambayo wahadhiri wetu hupokea kila muhula. Ya kwanza ni ya Kiingereza: "Gud mornin sir. M nt cmin 2 class 2day coz m sick. Plz xcuz me. Thx." Ya pili ni ya Kiswahili: "Xkamoo mwl. Cjickii poa leo, ctafika class. Thx." Waandishi wote wawili ni wagonjwa, na wote wanaomba ruhusa. Hata hivyo, mhadhiri anayezisoma huenda akaghadhibika kabla hajasikitika, kwa kuwa zimeandikwa kana kwamba yeye ni rafiki wa mwandishi wa chumba kimoja bwenini.

Mara nyingi mjadala kuhusu mtindo huu huishia kwenye lawama: vijana wameharibu lugha, simu imeua tahajia, na kadhalika. Makala haya hayanuii kuongeza sauti nyingine katika kwaya hiyo. Tunadhamiria kufanya mambo matatu. Kwanza, kueleza kanuni zinazotawala ufupishaji wa maneno katika arafa za Kiingereza, kwani kanuni zipo. Pili, kuonyesha kwamba mbinu hizo zilizaliwa na hali mahususi ya Kiingereza na ya chombo chenyewe. Tatu, kuchunguza yanayotokea mbinu hizo zinapohamishiwa Kiswahili, lugha yenye umbo tofauti kabisa. Dai letu ni kuwa kosa haliko katika kufupisha. Kosa liko katika kufupisha bila kujua lugha inavumilia kukatwa wapi, na msomaji anastahili kuandikiwa vipi.

Chimbuko la ufupi

Arafa ya kwanza ilitumwa nchini Uingereza tarehe 3 Desemba 1992. Mhandisi kijana aitwaye Neil Papworth aliandika salamu za Krismasi kwenye kompyuta na kuzituma kwa simu ya Richard Jarvis wa kampuni ya Vodafone. Salamu hizo zilikuwa maneno mawili tu, nayo yaliandikwa kikamilifu. Ufupisho ulikuja baadaye.

Ukomo wa alama 160 nao ulikuwa umeamuliwa kabla ya hapo. Mwaka wa 1985, Mjerumani Friedhelm Hillebrand, mmoja wa waliobuni mfumo huo, aliketi nyumbani kwake mjini Bonn akapiga chapa sentensi na maswali ya kawaida, kisha akahesabu herufi, tarakimu, vituo na nafasi. Aligundua kwamba takribani zote hazikuzidi alama 160. Kiufundi, arafa moja ilitengewa baiti 140, sawa na biti 1,120. Kwa kuwa kila alama huchukua biti 7, ukigawanya unapata 160 kamili.

Kikwazo cha pili kilikuwa kicharazio. Simu za miaka ya 1990 na 2000 zilikuwa na vitufe vichache vilivyobeba herufi tatu au nne kila kimoja. Kitufe cha 2 kilibeba a, b na c. Kitufe cha 7 kilibeba p, q, r na s. Ili kupata s, mwandishi alilazimika kubonyeza mara nne. Neno "you" lilihitaji mibonyezo 8, ilhali herufi "u" peke yake ilihitaji 2. Neno "before" lilidai mibonyezo 15, na ufupisho wake "b4" ulidai 6. Aidha, kila arafa ililipiwa, na iliyovuka alama 160 ilihesabiwa kuwa arafa mbili. Si ajabu basi kwamba vidole vilitafuta njia ya mkato.

Tulinganishe hali hii na telegramu. Mtumaji wa telegramu alitozwa kwa idadi ya maneno, kwa hivyo aliacha maneno mazima na kuyaandika yaliyobaki kwa ukamilifu. Mtumaji wa arafa alibanwa na idadi ya alama, kwa hivyo aliyahifadhi maneno na kukata herufi. Yaani namna ya kutoza ndiyo iliyoamua namna ya kufupisha.

Mbinu za ufupishaji katika arafa za Kiingereza

Mtu akizichunguza arafa za Kiingereza kwa makini, atabaini kwamba ufupishaji wake haufanywi ovyo. Mbinu kuu ni hizi zifuatazo.

(a) Herufi moja kusimamia neno zima. Hapa jina la herufi hutamkwa sawa na neno: "u" badala ya "you", "r" badala ya "are", "c" badala ya "see", "y" badala ya "why".

(b) Tarakimu kusimamia sauti: "2day", "b4", "gr8", "l8r", "m8". Thamani ya tarakimu haihusiki. Kinachochukuliwa ni matamshi ya jina lake.

(c) Udondoshaji wa irabu: "txt", "msg", "ppl", "thx". Konsonanti hubaki kama mifupa, na msomaji hujazia nyama.

(d) Akronimu na herufi za mwanzo: "lol" ya kuonyesha kicheko, "omg" ya mshangao, "brb" ya kuaga kwa muda mfupi, "btw" ya kudokeza jambo la kando.

(e) Ukataji wa sehemu ya neno: "prob", "uni", "goin".

(f) Tahajia ya matamshi: "luv", "wot", "skool", "nite". Mbinu hii wakati mwingine haipunguzi chochote. "Wot" na "who" zina herufi tatu tatu, na mtu aliyeandika "wot" badala ya "what" ameokoa herufi moja tu. Faida yake kubwa ni mzaha na ukaribu.

Zaidi ya mbinu hizi kuna misimu, yaani maneno ya kikundi yanayozuka, yakavuma, kisha mengi yakafa. Vijana wa Uingereza hutumia "innit" mwishoni mwa sentensi na "laters" wanapoagana. Misimu na ufupisho huandamana kwa sababu kazi zao zinakaribiana: zote hutangaza kuwa mwandishi na msomaji ni wa rika moja.

Je, mbinu hizi ni mpya?

La hasha. Waingereza wamekuwa wakiandika "IOU" kwenye hati za deni tangu karne ya 17, na mbinu yake haina tofauti na ile ya "u" ya arafa. Akronimu "OMG" imepatikana katika barua ambayo amirali John Fisher alimwandikia Winston Churchill mwaka wa 1917, miaka 75 kabla ya arafa ya kwanza. Ndiyo maana kamusi kuu ya Oxford ilipoiingiza "OMG" pamoja na "LOL" mwaka wa 2011, waliotarajia kuona zao la simu walikutana na mwanajeshi mzee wa majini. Simu ilichokifanya ni kuusambaza mchezo wa kale mikononi mwa mamilioni.

Mjadala mkali ulizuka hata hivyo. Mwaka wa 2007, mtangazaji wa Uingereza John Humphrys alichapisha makala ya gazeti akiwashutumu watumaji arafa kuwa wanaiangamiza lugha. Mwaka uliofuata, mwanaisimu David Crystal alitoa kitabu Txtng: The Gr8 Db8, akitetea hoja kwamba sehemu kubwa ya maneno katika arafa huandikwa kwa tahajia ya kawaida, na kwamba anayefupisha lazima kwanza awe anaijua tahajia anayoifupisha. Uchunguzi wa Crispin Thurlow mwaka wa 2003 ulikuwa umeelekea huko huko: katika arafa 544 za wanafunzi wa chuo kikuu mjini Cardiff, vifupisho havikufikia asilimia 20 ya maandishi. Nao Beverly Plester, Clare Wood na Puja Joshi, katika utafiti uliochapishwa mwaka wa 2009 kuhusu watoto 88 wa Uingereza wenye umri wa miaka 10 hadi 12, waligundua kwamba waliotumia vifupisho kwa wingi zaidi ndio waliokuwa na uwezo mkubwa zaidi wa kusoma maneno. Utafiti huo haukuthibitisha kuwa vifupisho ndivyo vilivyowapa uwezo. Hata hivyo, ni vigumu baada yake kushikilia kwamba vifupisho peke yake huzaa ujinga wa tahajia.

Kwa nini Kiingereza huvumilia kukatwa

Tukifika hapa hatuna budi kuuliza swali la kiisimu. Kwa nini "txt" husomeka bila tabu? Jibu limo katika maumbile ya Kiingereza. Kwanza, kuna pengo kubwa kati ya tahajia na matamshi yake. Neno "night" lina herufi tano na sauti tatu tu. Kijana anapoandika "nite" anarekebisha, kwa kiasi fulani, tahajia iliyobaki nyuma ya ulimi kwa karne nyingi. Pili, silabi za Kiingereza hubeba konsonanti nyingi: neno "strength" lina irabu moja miongoni mwa herufi nane. Ukiondoa irabu, sehemu kubwa ya neno husalia. Tatu, Kiingereza hutegemea sana mpangilio wa maneno ili kuonyesha nani katenda na nani katendwa, kwa hivyo neno lililokatwa bado hutambulika kutokana na mahali liliposimama.

Kiswahili kiko upande wa pili kwa hoja zote tatu. Tahajia yake hufuata matamshi kwa karibu sana, silabi zake nyingi ni wazi, na sarufi yake hukaa ndani ya neno lenyewe, katika viambishi ambavyo baadhi yake ni irabu tupu.

Yanayotokea mbinu zikihamia Kiswahili

Tuanze na udondoshaji wa irabu. Chukua konsonanti "pnd". Je, ni panda, penda, pinda, ponda au punda? Anayemwandikia mpenzi wake "nakupnd" atarajie kuulizwa kama anapenda au anaponda. Vitenzi "anakuja", "unakuja", "inakuja" na hata "nakuja" vyote hubaki "nkj". Nafsi imepotea, na kwa Kiswahili nafsi ikipotea mtenda naye kapotea. Hali huwa mbaya zaidi katika jozi "anaoa" na "anaua". Ondoa irabu, na maneno yote mawili hubaki herufi moja, "n". Harusi na mauaji vimekuwa kitu kimoja.

Tatizo hili si geni katika historia ya maandishi yetu. Washairi wa Lamu, Pate na Mombasa walioandika kwa hati za Kiarabu walikabiliwa na hati yenye alama tatu za irabu fupi ilhali Kiswahili kina irabu tano. Msomaji aliachiwa kazi ya kupambanua i na e, u na o, na wahakiki wa leo wangali wanabishana juu ya baadhi ya mishororo kwa sababu hiyo hiyo. Wazee wetu walipungukiwa na alama. Sisi tunazo zote tano, na tunazitupa wenyewe.

Tuje kwenye tarakimu na herufi. Vijana wengi wa Kenya na Tanzania huandika "m2" kwa maana ya mtu, "wa2" kwa maana ya watu, "cjui" kwa maana ya sijui, na "xaxa" kwa maana ya sasa. Tazama kwa makini "m2". Kwa Kiswahili, 2 husomwa "mbili". Msomaji asiyejua Kiingereza atasoma "mmbili" na kubaki akishangaa. Ili neno la Kiswahili lipatikane, tarakimu lazima itamkwe kwa Kiingereza. Vivyo hivyo, c husimamia "si" kwa sababu ya jina lake la Kiingereza. Katika tahajia yetu sanifu c haisimami bila h, na x haimo kabisa. Hivyo basi, bibi kijijini aliyejifunza kusoma kwa Kiswahili pekee hawezi kuisoma arafa ya mjukuu wake, ingawa kila neno lililomo ni la lugha yake.

Hoja inayotolewa mara kwa mara ni kuwa mbinu hizi ziliokoa jasho. Tuzihesabu basi kwa kicharazio kile cha zamani:

sasa: mibonyezo 10, xaxa: mibonyezo 6
sijui: mibonyezo 13, cjui: mibonyezo 9
mtu: mibonyezo 4, m2: mibonyezo 5
watu: mibonyezo 5, wa2: mibonyezo 6

Matokeo yanagawanyika. "Xaxa" na "cjui" ziliokoa mibonyezo minne kila moja, kwa kuwa s ilikuwa ghali. Hapo tumpe kijana haki yake. Lakini "m2" na "wa2" ziliongeza kazi, kwani tarakimu 2 hutokea baada ya a, b na c, yaani kwa mbonyezo wa nne, au kwa kukishikilia kitufe hadi ijitokeze. Alichookoa mwandishi ni nafasi moja kati ya 160. Tena leo simu nyingi zina kicharazio chenye kitufe kwa kila herufi, na ujumbe wa WhatsApp haubanwi na alama 160. Hata hivyo "xaxa" na "m2" zingali hai. Ni dhahiri kwamba haziishi kwa ajili ya uchumi wa vidole. Zinaishi kwa sababu zimekuwa misimu ya maandishi: hutambulisha rika, ucheshi na ujana. Mwalimu anayezipiga vita kwa hoja ya uvivu anapigana na kivuli.

Ufupisho ulio wa Kiswahili chenyewe

Isidhaniwe kuwa Kiswahili hakijui kufupisha. Kinajua, na kina adabu yake. Vimilikishi huungana na nomino: mwana wake huwa mwanawe, mume wako huwa mumeo, mwenzi wangu huwa mwenzangu. Katika mazungumzo, nitakuja huwa ntakuja, kwa kuwa n inaweza kubeba silabi peke yake. Kwa uhulutishaji tumepata chajio kutokana na chakula cha jioni, na chamcha kutokana na chakula cha mchana. Kwa akronimu tumepata UKIMWI, yaani Upungufu wa Kinga Mwilini. Katika maandishi rasmi tuna n.k., k.m., taz. na S.L.P.

Angalia jinsi njia nyingi kati ya hizi zinavyoheshimu silabi. Chajio na UKIMWI husomeka kama neno lolote la Kiswahili, kwa sababu irabu zimebaki mahali pake. Lugha imekata kwenye viungo, haikuvunja mfupa. Kijana mwenye haja ya ufupi ana hazina hapa ambayo bado haijachotwa ipasavyo.

Misimu nayo haina haja ya kuogopwa. Neno matatu, linalohusishwa na nauli ya senti thelathini ya enzi zile, lilianzia vinywani mwa watu wa mitaani, na leo limo katika kamusi. Wakati ndio mwamuzi.

Suala la rejista na heshima

Hatari halisi ya ufupisho na misimu ni kukosea msomaji. Mwaka wa 2012, mbele ya tume ya uchunguzi jijini London, mhariri wa zamani Rebekah Brooks alieleza kwamba Waziri Mkuu David Cameron alikuwa akimalizia baadhi ya arafa zake kwa "LOL", akidhani maana yake ni mapenzi tele, hadi alipoelezwa kwamba ni kicheko. Kama kiongozi wa nchi yenye lugha hiyo anaweza kuteleza, sembuse sisi tulioipokea darasani?

Kwa Mswahili, salamu ni sehemu ya ujumbe. Anayeandika "xkamoo" ameikata shikamoo, na heshima iliyokatwa haimfikii mwenyewe ikiwa nzima. Mwenzako wa bwenini ataicheka na kuijibu kwa mzaha, na hapana ubaya. Mhadhiri, mkwe, au afisa unayemwomba kazi ataisoma kwa jicho jingine. Mtahini naye hana njia ya kujua kama mwandishi wa "wa2" katika insha anaijua tahajia sahihi au haijui. Atakachokiona ni kosa, na atalikata alama. Wahenga walisema heshima si utumwa.

Tuirudie sasa ile arafa ya mgonjwa wetu na kuiandika kikamilifu:

"Shikamoo Mwalimu. Leo sijisikii vyema na sitaweza kuhudhuria somo la asubuhi. Naomba ruhusa yako. Ahsante."

Ihesabu. Ina alama 106. Hata katika simu ya zamani yenye ukomo wa 160, zingebaki alama 54, zinazotosha jina la mwandishi na nambari yake ya usajili. Salamu imo, sababu imo, ombi limo, shukrani imo. Hakuna kilichohitaji kukatwa.

Hitimisho

Tumeona kwamba ufupisho katika arafa za Kiingereza una kanuni, una historia, na ulichochewa na chombo chenye vitufe vichache na nafasi finyu. Tumeona pia kuwa Kiingereza huvumilia mbinu hizo kwa sababu ya umbo lake, na kwamba Kiswahili, chenye silabi wazi na viambishi vya irabu, hupoteza nafsi na maana zikitumiwa ndani yake bila hadhari. Mwanafunzi wa Kiswahili haombwi kuacha mizaha na marafiki zake. Anaombwa awe na mikono miwili: mmoja wa bwenini na mmoja wa darasani, na ajue ni upi wa kunyoosha na wakati gani. Zaidi ya hayo, anaombwa afanye utafiti. Arafa za Kiswahili ni data iliyomo mfukoni mwa kila mmoja wetu, na atakayeikusanya kwa idhini ya wenyewe na kuichambua ataifaa taaluma kuliko atakayeilaani.

Maswali ya mazoezi

1. Taja mbinu iliyotumika katika kila kifupisho: "l8r", "ppl", "brb", "luv", "y".

2. Andika maneno yote ya Kiswahili yanayoweza kutokana na konsonanti "kt". Eleza matokeo yanadokeza nini kuhusu dhima ya irabu.

3. "Kifupisho m2 ni cha Kiswahili." Jadili kauli hii.

4. Andika ujumbe usiozidi alama 160 wa kumwomba mhadhiri akuongezee siku mbili za kukamilisha kazi ya ziada. Usifupishe neno lolote.